Fundo Ambalo Sikulifunga

Musonoi, leo mchana, kesho ukiwa wa safari

Ngalula, mtoto wa mtoto wangu,

Umeenda kusukwa nywele kwa Mama Bea, na Mama Bea hajawahi kusuka haraka, maana mdomo wake unatembea kuliko vidole. Kwa hiyo nina nafasi mpaka jua lishuke.

Nimemwita Mama Kapinga, jirani yetu wa ukuta mmoja, aje na kalamu yake. Mimi kusoma sikusoma. Daftari zako nilikuwa nazishika kichwa chini miguu juu, wewe unacheka mpaka unakaa chini. Mama Kapinga anaandika kila ninachosema, na nimemkataza kukitengeneza. Najua utauliza, nkambo, bibi yangu, wanawake wote hawa wa Musonoi, ukamchagua Mama Kapinga? Yule ambaye ukimpa siri asubuhi, jioni inaimbwa kwenye kwaya? Nimemchagua kwa sababu hiyohiyo. (Ananiangalia vibaya. Andika, mama, andika na hiyo.)

Sitakuandikia mambo ya kufua, ya kula vizuri, ya wanaume wa Lubumbashi. Hayo nimeyasema tangu ulipokuwa na miaka saba. Kama hayakuingia kwa sikio, hayataingia kwa karatasi.

Nakuandikia juu ya gari.

Kesho unaenda kuanza kazi kwenye nyumba inayouza magari mapya. Wewe mwenyewe ulinieleza: mtu analeta gari ambalo bado lina garanti, analalamika, na wewe umekaa kwenye meza ya karakana unaandika malalamiko yake kabla fundi hajaligusa. Na utalala nyumbani kwa baba yako. Juzi, ulipokuwa unakunja nguo, ulisema, "Nkambo, usiogope. Mi nitafanya kazi yangu muzuri. Sitakuwa sawa baba, mwenye kukata plombe." Ukacheka. Nami nikacheka pamoja nawe. Halafu nikatoka nyuma ya jiko, nikasimama pale kwenye majivu.

Maana hilo neno, mimi ndiye niliyekulisha.

Gari lile hulikumbuki vizuri, ulikuwa mdogo. Kamioneti nyeupe, mpya, nailoni bado kwenye viti. Babu yako alikuwa ameshakufa mwaka mmoja. Yeye aliletwa huku kutoka Kasai angali mtoto, mgongoni kwa mama yake, kwa sababu baba yake alitakiwa kwenye mashimo ya shaba, na yeye mwenyewe akamalizia nguvu zake kwenye mashimo hayohayo. Alikuwa anasema, "Mama Kalala, siku moja tutapata gari ambalo kiti chake hakijajua matako ya mtu mwingine." Hakulipanda. Lakini siku lilipoingia kwenye barabara yetu nilivaa kitenge nilichomzikia, nikaketi mbele, nikafunga mlango mara tatu ili nisikie tu ule mlio.

Baba yako Kalala aliendesha, mimi dirishani, wewe katikati. Nailoni ilikuwa inakutoa jasho mapajani, na ukiinuka inalia kama karatasi ikipasuka, lakini nilikataa isitolewe mwaka mzima. Tulikuwa tunakwenda Sandoa kuchukua mahindi, mihogo na karanga, tunarudi kuuza hapa sokoni. Baba yako alikuwa anapiga mluzi njia nzima. Hakuimba, alipiga mluzi tu, wimbo mmoja usio na mwisho. Tukipita pale Kingamyambo, upepo ukiinua lile vumbi la mabaki ya mawe ya mgodi, unasema, "Nkambo, moshi!" na yeye anasema, "Hapana mama, ni unga ya shetani, hatutauza ile." Kila mara maneno yaleyale, na kila mara unacheka kana kwamba ni mara ya kwanza. Nikifumba macho hata sasa nasikia nailoni ile.

Halafu likaanza kunywa.

Kila asubuhi baba yako alikuwa anafungua kifuniko cha motere, anachomoa jauje, kile chuma chembamba cha kupimia mafuta, anakipangusa kwa kipande cha kitenge changu cha zamani, anakitumbukiza tena, analeta nione. "Mama, imekunywa tena." Nililaza katoni chini ya gari usiku kucha, asubuhi katoni kavu. Halikuvuja. Lilikuwa linayachoma, linatoa moshi wa bluu kila likiwashwa, mpaka majirani wakafunga madirisha.

Mimi daftari sina, kwa hiyo nilichukua kamba ya nailoni ya kufungia magunia. Kila chupa ya mafuta iliyoingia kwenye motere, fundo moja. Kila safari ya Sandoa kwenda na kurudi, kifungo kimoja cha shati. Vifungo vilitoka kwenye mashati ya babu yako. Jumapili baba yako alishika ncha moja, mimi ncha nyingine, tunahesabu uani.

"Kumi na saba."

"Kumi na nane, Kalala, umeruka moja."

"Sikuruke, mama, ni weye umefunga fundo mara mbili."

"Mimi nilikuzaa wewe, siwezi kushindwa kuhesabu mafundo."

Tulibishana hivyo mpaka chakula kikapoa. Ngalula, sijawahi kuwa na daftari nyingine nzuri kama ile.

Wale waliotuuzia gari walikuwa na karakana yao hapahapa Kolwezi. Tulikwenda. Pale mezani palikuwa na bwana mmoja mwenye shati la mikono mifupi na kucha safi, akasema, "Mama, motere mupya inakunywaka kidogo. Ni kawaida."

Nikamwambia, "Tata, hata mtoto mchanga anakunywa kidogo. Huyu anakunywa kama mulevi wa siku ya mshahara."

Watu waliokuwa wanangoja wakacheka. Nikatoa kamba yangu. Aliishika kwa vidole viwili kama mkia wa mjusi. "Mama, hii hapana karatasi."

"Hesabu," baba yako akamwambia kwa heshima. "Kila fundo ni chupa moja, tata. Kila kifungo ni Sandoa."

Hakuhesabu. Lakini nisimseme vibaya kwa yote, maana alitupa mtihani wa haki. Walimwaga mafuta yote, wakajaza mapya mpaka kwenye alama, halafu wakaweka plombe: waya mwembamba wenye kipande kidogo cha madini ya risasi kilichobanwa, mmoja kwenye jauje, mmoja kwenye mfuniko wa kutilia mafuta. Akasema, "Muende Sandoa, murudi, tutapima yenye kubakia. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani, muzime motere, mupige simu, musiguse kitu. Plombe ikikatika, garanti imekwisha." Tulipofika mlangoni baba yako alinirudia maneno yale kwa Kiluba. Nilikuwa nimeyaelewa kwa Kiswahili. Nikayaelewa tena kwa Kiluba. Kwa hiyo usije ukaniombea radhi kwa watu kwamba bibi hakusoma. Nilijua.

Na chupa moja ya mafuta niliificha kwenye beseni la karanga kabla hatujaondoka. Baba yako alikuwa ameniambia tuziache zote nyumbani.

Tulikwenda vizuri, safari ile wewe hukuwamo. Kurudi, tumejaza mahindi, mvua imelainisha barabara, kwenye mlima mmoja kabla ya Kasaji taa nyekundu ikawaka. Baba yako akazima motere palepale. Unajua alifanya nini? Alicheka. "Mama, hii taa njo shahidi yetu! Sasa batakataa nini?" Simu haikushika mtandao. Akasema anapanda kule juu kutafuta mtandao, mimi ningoje, nisiguse kitu. Akaenda, mluzi wake ukapanda mlima pamoja naye.

Nikabaki na gari. Likapita lori moja la zamani, bovu, mlango umefungwa kwa kamba, na juu ya magunia wamekaa wanawake wa soko letu. Waliniona.

"Mama Kalala! Mupya imelala?"

"Panda kwetu, mama, yetu ni mzee lakini haichoki!"

Wakaenda wanacheka, na kicheko chao kikabaki pale barabarani pamoja nami.

Ni hicho tu, Ngalula. Ningetaka kukuambia ni njaa, au mahindi yanaloa. Mahindi yalikuwa yamefunikwa vizuri. Ilikuwa kiburi. Gari la babu yako, kitenge nilichomzikia, na wanawake wa soko wananicheka juu ya lori bovu. Nilichukua kisu cha mihogo, nikakata waya wa kwenye mfuniko, nikamimina chupa nzima. Halafu nikaupinda ule waya, nikaukaza kwa meno. Mate yangu yalikuwa na ladha ya mafuta mpaka tukafika nyumbani.

Baba yako alishuka mlima anakimbia. "Mama, nimebapata! Kesho asubuhi banatuma fundi. Tunalala hapa. Mama, tumeshinda!"

Nikasema, "Washa kwanza. Labda taa ilidanganya."

Akawasha. Taa haikuwaka. Akaiangalia taa, akaangalia mikono yangu, akashuka, akafungua kifuniko cha motere. Alikifunga polepole, kwa viganja viwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Tukaja mpaka Kolwezi bila mluzi.

Mezani, yule bwana aliangalia plombe kwa taa ndogo. "Imekatwa hii." Akainua kichwa, na hakuniangalia mimi hata kidogo. Nani atamshuku mama mzee wa kitenge asiyejua kusoma? Alimwangalia baba yako. "Ni weye dereva?"

"Ni mimi."

"Madereva ni vile vile. Banakata, banauza mafuta ya mama yao."

Baba yako akanigeukia. Aligeuka mwili wote, taratibu, akangoja. Ukutani palikuwa na kalenda yenye picha ya maporomoko ya maji. Niliangalia yale maji, Ngalula. Ningeweza kukuchorea kila jiwe mpaka leo.

Wakaandika kwamba plombe ilikatwa na dereva, garanti imefungwa. Baba yako akatia sahihi. Hakuweza kumwita mama yake mwongo mbele ya watu, ndivyo nilivyomlea. Mimi nikatia kidole. Kucha yangu ilikuwa bado nyeusi kwa mafuta, na wino ukaifunika.

Nje aliniuliza jambo moja tu. "Mama, utasema lini?"

Nikajibu, "Niseme nini?"

Akachukua ufunguo wa gari, akauweka kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja.

Siku ya soko nilisikia wanawake wanaulizana mambo ya gari langu, nikawaambia, "Ah, batoto ba siku hizi. Kalala alikata plombe." Nilisema kwa mdomo wangu. Kabla ya juma kuisha, vijana wa kilabuni walikuwa wanamwita akipita: "Kata-Plombe! Tuuzie chupa moja!" Yeye anawainulia mkono, anaendelea. Mwezi ule akaenda Lubumbashi kutafuta kazi. Mama yako alikuwa amefariki, wewe ulikuwa umeanza shule, akakuacha kwangu. Alirudi mara mbili kukuchukua. Mara zote mbili nilimwambia, "Mtoto amenizoea." Kweli ulikuwa umenizoea. Lakini sikukuzuia kwa ajili hiyo tu. Niliogopa kwamba huko atakuambia. Hakukuambia. Alikupigia simu kila sikukuu na wewe ulimjibu maneno matatu, na mimi nilikaa kwenye kiti hiki nikasikia maneno matatu, nikanyamaza.

(Mama Kapinga ameacha kuandika. Anasema, "Mama Kalala, hii mambo ulituambia mwenyewe sokoni." Ndiyo, nilikuambia. Nilikudanganya. Andika.)

Gari likaendelea kunywa miaka miwili nikiwa na madereva wa kukodi, halafu likafa pale barabara ya Musonoi mbele ya kanisa. Fundi wetu wa hapa mtaani, yule kiziwi wa sikio moja, akafungua motere juu ya shuka. Akanionyesha segma, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, zilikuwa zimenata, hazikukaa sawa tangu zilipowekwa. "Mama," akapiga kelele kama anavyopigaga, "hii ugonjwa ya kuzaliwa! Hii ilikuwa ya garanti!" Barabara nzima ikasikia. Nami nikasema, "Ndiyo, lakini Kalala..." Ngalula, hata siku ile. Hata na segma mkononi.

Nimekaa miaka nikijiuliza ilianza wapi. Haikuanza na kisu cha mihogo. Babu yako alipoanza kukohoa, niliamka kabla ya wote, nikafua leso zake, nikampaka mafuta usoni ang'ae, nikamvalisha shati la Jumapili. Sista wa zahanati akija anasema, "Tata ameendelea vizuri." Nilifurahi! Niliona nimeshinda kitu. Walipokuja kujua kilichokuwa ndani, hapakuwa na la kufanya. Mimi nimekuwa fundi wa kujaza, Ngalula. Kikipungua kitu najaza haraka, nafuta mikono, ili mtu akija kupima akute kimefika kwenye alama. Halafu nashangaa kwa nini hakuna aliyenisaidia.

Sasa wewe utakaa kwenye ile meza. Sijui kompyuta yenu. Najua upande wa pili wa meza. Watakuja watu na chupa za maji wameziweka alama kwa msumari, na wengine na mistari ya mkaa waliyoipiga picha ukutani, na mama mmoja atakuja na kamba. Mhesabie. Hata kama mkubwa wako atasema si karatasi, wewe hesabu kwanza kwa sauti, asikie kwamba kuna mtu amefika mpaka fundo la mwisho. Na siku plombe itakapokuja imekatwa, usimkimbilie dereva. Angalia mikono yote iliyo chumbani. Angalia ni nani anayesoma kalenda na hajui kusoma. Muulize huyo, polepole, mtoe nje kama inabidi. Yule bwana angeniuliza mimi, sijui, labda ningesema. Labda hapana. Lakini hakuniuliza, na nilimchukia kwa hilo kuliko kwa garanti.

Baba yako hakukata kitu, Ngalula. Kesho utakapomwona pale kituo cha basi, mnene kidogo, nywele zimeanza kuwa nyeupe, na mkono ameinua hivi, ujue kwamba unamwangalia mtu aliyebeba jina la mama yake miaka yote hii na hakulipunguza uzito kwa kukuambia wewe. Usimpe maneno matatu.

Mimi sikuweza kumwambia kwa simu. Nimejaribu. Naanza na hali ya hewa na namaliza na hali ya hewa. Ndiyo maana Mama Kapinga yuko hapa. Nilidanganya mbele ya soko, haifai nisafishe gizani. Jumapili, wanawake wa kikundi wakikaa baada ya ibada, atawasomea nakala ya ile sehemu ya kisu, na mimi nitakuwa nimekaa kiti cha mbele. Wale waliosema Kata-Plombe wamekuwa na watoto wao sasa. Wawaambie na watoto. Jina lile kama wanalitaka bado, ni langu.

Kwenye begi lako jekundu, chini kabisa, kuna kile kipande cha kitenge cha kupangusia jauje. Ndani yake nimefunga kamba. Mpe baba yako. Usimweleze chochote, mwambie tu mhesabu. Yeye ashike ncha moja, wewe ncha nyingine, kama tulivyofanya uani. Anajua mafundo yalikuwa arobaini na moja, alikuwa amehesabu mwenyewe asubuhi tuliyokwenda mtihani. Ile chupa ya mlimani sikuifungia fundo. Nimelifunga leo, mwishoni, baada ya kifungo cha mwisho cha babu yako. Vidole vyangu vimekuwa vigumu, limetoka baya.

Mtafika arobaini na mbili. Atasema umekosea, utasikia, huyo hajaacha ubishi. Mhesabu tena.

Nakusikia kwenye barabara, unacheka na Mama Bea, basi niache hapa. Chini ya karatasi hii nimetia kidole changu. Nilikiosha kwanza, na kucha pia. Mama Kapinga ameangalia.

Nkambo wako,
Mama Kalala